Wenye Hekima Waliosahauliwa

Atakayefungua kitabu cha historia ya falsafa atakutana na majina machache yanayorudiwa mara kwa mara: Socrates, Plato, Aristotle, Descartes, Hume, Kant. Majina hayo ni makubwa kwa haki. Watu hao walifikiri kwa bidii juu ya mambo yanayomhusu kila binadamu, wakaacha mawazo ambayo mpaka leo yatusaidia kujijua. Insha hii haina nia ya kuwashusha. Nia yake ni kukuonyesha, ewe msomaji, kwamba ukubwa ni jambo moja na umaarufu ni jambo jingine. Ukubwa wa mwenye hekima hutokana na nguvu ya fikira zake. Umaarufu wake hutokana na mambo mengi ambayo si fikira: nani aliyemhifadhia maandishi yake, chuo gani kilichowafundisha wanafunzi jina lake, na kama watu waliokuja baada yake walikuwa tayari kumsikiliza.

Wahenga walisema: ukiona vyaelea, vimeundwa. Hata jina linaloelea juu ya karne nyingi lina mafundi walioliunda. Tumtazame Socrates mwenyewe. Aliuawa kwa hukumu ya mji wa Athens mwaka 399 kabla ya Kristo, naye hakuandika kitabu hata kimoja. Lau Plato na Xenophon wasingaliandika habari zake, yumkini angalibaki mtu wa kuchekwa katika mchezo wa Aristophanes, aliyemdhihaki mbele ya umati wa watu. Hekima yake isingalipungua hata chembe. Ila sisi tungalikuwa maskini, wala tusingaliujua umaskini wetu. Ni wangapi basi waliokuwa na vichwa kama chake, lakini hawakubahatika kupata mwanafunzi kama Plato?

Ili jambo hili lisibaki maneno matupu, tulichukue swali moja la falsafa na kulifuata kutoka mkono hata mkono. Swali lenyewe ni hili. Wewe wataka kuinua mkono wako, na mara mkono wainuka. Mwiba wakuchoma mguuni, na mara wasikia uchungu. Kutaka ni jambo la rohoni. Mkono ni nyama na mifupa. Mwiba ni kitu cha kushikika. Uchungu haushikiki wala haupimwi kwa mizani. Je, kitu kisicho na mwili chawezaje kuusukuma mwili, na mwili wawezaje kukigusa kitu kisichogusika? Swali hili laonekana jepesi kwa kuwa jambo lenyewe hututokea kila saa. Lakini mambo tuliyoyazoea ndiyo yaliyo magumu kuelezwa.

Mtu aliyelifanya swali hili kuwa kali zaidi katika Ulaya ni René Descartes, Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1596. Katika kitabu chake cha tafakuri kilichotoka mwaka 1641 alifundisha kwamba ulimwengu wetu una vitu vya namna mbili. Namna ya kwanza ni mwili, ambao dhati yake ni kuwa na urefu, upana na kina. Namna ya pili ni roho, ambayo dhati yake ni kufikiri, nayo haina urefu wala upana. Wakati huohuo alishikilia kwamba roho na mwili wa mtu vimeungana na kutendana. Wengi walikisifu kitabu chake, na wengine walikipinga kwa makelele. Lakini pingamizi moja lililo wazi kupita mengi halikutoka kwa profesa wala kwa kasisi. Lilitoka kwa msichana wa miaka 24 aliyekuwa akiishi uhamishoni.

Jina lake lilikuwa Elisabeth wa Bohemia. Alizaliwa Heidelberg, Ujerumani, mwaka 1618. Baba yake alikubali taji la Bohemia mwaka 1619, akalipoteza mwaka uliofuata baada ya kushindwa vitani karibu na Prague, hata watu wakamwita kwa mzaha mfalme wa majira ya baridi moja. Jamaa yake ilikimbilia Uholanzi, nako huko The Hague Elisabeth alikulia akiwa binti wa mfalme asiye na nchi. Alijifunza Kilatini, Kiyunani na hisabati, na ndugu zake wakamtania kwa kumwita Myunani. Vyuo vikuu vya siku zile havikuwa na nafasi kwa mwanamke. Hakuwa na kiti cha kufundishia wala wanafunzi. Alichokuwa nacho ni kalamu, na moyo usioridhika na jibu nusu.

Mwezi wa Mei mwaka 1643 alimwandikia Descartes. Alimwomba amweleze jinsi roho ya mtu, ikiwa ni kitu cha kufikiri tu, inavyoweza kuufanya mwili utende mambo inayoyataka. Hoja yake ilikwenda hatua kwa hatua. Kitu husogea kwa kusukumwa. Kusukuma kwahitaji kugusana. Na kugusana kwahitaji vitu viwili vyenye umbo na nafasi. Wewe, Bwana Descartes, umeiondolea roho umbo na nafasi. Basi itausukumaje mwili? Hiyo ndiyo maana ya barua yake, nayo ilitosha kuutikisa ukuta wa nyumba nzima aliyoijenga yule bwana.

Descartes alijibu kwa adabu, akatoa mfano wa uzito. Sisi husema kwamba uzito hulivuta jiwe chini, wala hatufikiri kwamba uzito ni mkono unaoligusa jiwe. Vivyo hivyo, alisema, tunaweza kufahamu jinsi roho inavyousukuma mwili. Elisabeth hakutosheka. Alimkumbusha kwamba yeye Descartes mwenyewe amekwisha kuukataa uzito wa namna ile katika elimu yake ya maumbile. Ingewezaje fikira aliyoikataa huko kuwa msaada wake huku? Akaongeza kwamba kwake yeye ni rahisi zaidi kukubali kuwa roho nayo ina sehemu na nafasi, kuliko kukubali kwamba kitu kisicho na mwili kinaweza kuusogeza mwili na kusogezwa nao. Descartes alipoandika tena alimshauri asitumie saa nyingi mno katika mambo hayo, kwa kuwa muungano wa roho na mwili hufahamika vizuri zaidi katika maisha na mazungumzo ya kila siku. Mwanafunzi mwenye macho ataona hapo kwamba mwalimu amehama kutoka kujibu akaingia katika kushauri.

Barua zao ziliendelea mpaka Descartes alipofariki Stockholm mwaka 1650. Mwaka 1644 alimtunukia Elisabeth kitabu chake juu ya misingi ya falsafa, na kitabu chake cha mwisho, juu ya hisia za moyo, kilichotoka mwaka 1649, kilizaliwa katika mazungumzo yao. Elisabeth hakuwa msikilizaji wa kuitikia tu. Alimweleza kwamba magonjwa na masikitiko ya mwili huweza kumnyang'anya mtu uwezo wa kufikiri sawasawa; kwa hiyo haitoshi kumwambia mgonjwa atumie akili yake ili ashinde huzuni. Jambo hilo alilijua kwa taabu yake mwenyewe, akalifanya kuwa hoja.

Sasa sikiliza yaliyozipata barua zile. Descartes alipokufa, rafiki yake aliomba ruhusa ya kuzitoa barua za Elisabeth. Elisabeth alikataa, akataka arudishiwe. Hatupaswi kumlaumu: heshima ya mwanamke wa jamaa ya kifalme ilikuwa kitu cha kulindwa, na jamaa ile ilikuwa imekwisha kupata fedheha za kutosha. Kuanzia mwaka 1657 barua za Descartes zilipigwa chapa, na zile alizomwandikia Elisabeth zikiwamo. Barua za Elisabeth hazikuwamo. Yeye alikwenda kuwa mkuu wa nyumba ya watawa ya Herford, huko Ujerumani, akawapa hifadhi watu walioteswa kwa ajili ya dini, akafariki mwaka 1680. Barua zake zilikuja kuonekana katika karne ya 19 nchini Uholanzi, zikapigwa chapa mwaka 1879. Kwa muda wa miaka 200 na zaidi wasomi wa Ulaya walisoma jibu bila ya kusoma swali. Swali lilionekana kama kivuli tu ndani ya jibu.

Miongoni mwa watu waliolisoma jibu lile alikuwako Mwafrika. Anton Wilhelm Amo alizaliwa karibu na mwaka 1703 pande za Axim, katika pwani ya nchi iitwayo sasa Ghana. Angali mtoto mdogo alichukuliwa na Waholanzi wa kampuni ya biashara, akapelekwa Amsterdam, kisha akatolewa kama zawadi kwa mtawala wa Brunswick-Wolfenbüttel, Ujerumani. Fikiri juu ya neno hilo, msomaji: mtoto wa watu alitolewa zawadi, kama saa ya ukutani. Katika nyumba ya mtawala yule alibatizwa, akapewa majina ya mabwana zake, akasomeshwa. Lakini hakulitupa jina la Amo, na katika maandishi yake alijitaja kuwa ni mtu wa Axim katika Guinea.

Mwaka 1727 aliingia Chuo Kikuu cha Halle. Mwaka 1729 alitetea mbele ya watu andiko la sheria juu ya haki za Waafrika waliokuwa Ulaya. Andiko lenyewe halikuhifadhiwa. Lililobaki ni habari yake fupi iliyotolewa katika gazeti la Halle mwaka uleule. Habari hiyo yaonyesha kwamba Amo alikwenda mpaka katika sheria za Warumi wa kale, akauliza uhuru au utumwa wa Waafrika walionunuliwa na Wakristo ulikuwa na msingi gani katika sheria. Alikuwa na miaka 26 hivi. Alisimama katika nchi iliyompokea kama zawadi, akaiuliza haki ya zawadi hiyo.

Kutoka Halle alikwenda Wittenberg, akapata shahada ya falsafa mwaka 1730. Mwaka 1734 alitoa huko andiko lake kwa Kilatini juu ya kutohisi kwa roho ya binadamu. Hoja yake ni hii. Kuhisi ni kupokea mguso wa kitu kingine: moto, mwiba, sauti, nuru. Apokeaye mguso hana budi awe na sehemu za kuguswa, awe hai kwa chakula, akue na kuharibika. Roho haina sehemu, hailishwi, haikui wala haiozi. Basi roho haihisi. Kinachohisi ni mwili ulio hai wenye viungo vyake. Kazi ya roho ni kufahamu na kutenda kwa kusudi, wala si kuguswa.

Katika andiko lile Amo alimtaja Descartes waziwazi na kutangaza kwamba hakubaliani naye. Alishika maneno ambayo Descartes asema kwamba roho hufikiri, na kwamba, kwa kuwa imeungana na mwili, huweza kutenda na kutendwa pamoja nao. Amo alijibu kwamba kutendwa hakuifai roho, na kwamba Descartes anajipinga mwenyewe, kwani mahali pengine amekwisha kuiwekea roho dhati ya kufikiri peke yake. Na maneno hayo ya Descartes yalitoka wapi? Yalitoka katika barua ya Mei 1643, ile aliyomwandikia Elisabeth.

Hebu utulie kidogo hapo. Binti mfalme asiye na nchi aliuliza swali mwaka 1643. Mwanafalsafa mkuu alimjibu. Jibu lilipigwa chapa, swali likafungiwa. Baada ya miaka 91 mtu wa Axim alilichukua lile jibu, akaona ufa uleule aliouona Elisabeth, bila ya kuwa na barua yake mkononi. Mmoja alitengwa na vyuo kwa kuwa ni mwanamke; mwingine alipita katika mlango wa chuo akiwa ameanza maisha yake kama mali ya watu. Hawakukutana, wala hawangeweza kukutana. Lakini fikira zao zilikutana mahali pamoja, kwa sababu ukweli wa hoja hauulizi mtu amezaliwa wapi.

Usidhani, hata hivyo, kwamba Amo alilimaliza swali. Ikiwa mwili ndio uhisio na roho haihisi kamwe, roho hupataje habari ya mwiba uliochoma mguu? Amo amelihamisha fumbo kutoka chumba kimoja hata kingine, na mlango kati ya vyumba viwili ungali umefungwa. Wewe una haki ya kumwuliza hivyo. Kumheshimu mwenye hekima si kumpigia makofi kwa kuwa ni wa rangi yetu au wa jinsia yetu. Ni kumsoma, kumpima na kumjibu, kama Elisabeth alivyomjibu Descartes na kama Amo mwenyewe alivyomjibu.

Amo alifundisha Halle tangu mwaka 1736, akatoa mwaka 1738 kitabu juu ya ustadi wa kufikiri kwa makini na usahihi, akaendelea kufundisha Jena mwaka 1739. Kisha mambo yalimgeuka. Waliomlinda walikuwa wamekufa, na mwaka 1747 mashairi ya kumdhihaki yalipigwa chapa. Karibu na wakati ule alirudi kwao. Mwaka 1753 tabibu wa meli aitwaye Gallandat alimkuta Axim akiishi kwa upweke, mjuzi wa lugha za Ulaya, akisifiwa na watu kuwa mtabiri. Baba yake na dada yake walikuwa hai. Ndugu yake alikuwa mtumwa katika Suriname, ng'ambo ya bahari. Baadaye Amo alihamia katika ngome ya Waholanzi ya Shama, akafia huko pwani.

Mwaka 1764 Immanuel Kant, mmoja wa wale wakuu niliowataja mwanzoni, aliandika kwa kumfuata Hume kwamba hapajaonekana mtu mweusi aliyetoa jambo kubwa katika sanaa au elimu. Kitabu cha Amo kilikuwa kimekwisha kutoka miaka 26 kabla ya hapo, katika nchi za Wajerumani hizohizo. Jambo hili lina mafunzo mawili. La kwanza, akili kubwa yaweza kuandika neno dogo, hasa inaposema juu ya watu isiowajua. La pili, kusahauliwa si ajali kila mara. Mtu anapoamini kwamba kitu hakipo, hakitafuti. Na asipokitafuta, hakioni. Na asipokiona, huamini zaidi kwamba hakipo. Kwa duara hiyo watu wengi wamezikwa mara mbili.

Duara hiyo huvunjwa na watafutaji. Mwaka 1808 Abbé Grégoire wa Ufaransa alimtaja Amo katika kitabu chake juu ya maandishi ya watu weusi. Mwaka 1962 William Abraham wa Ghana alimweleza katika kitabu chake juu ya akili ya Afrika. Mwaka 2025 mtaa mmoja wa Berlin ulipewa jina lake. Ni vema mtaa uwe na jina hilo, lakini wapita njia wengi husoma kibao wasisome kitabu.

Kwetu Kenya nako alitokea mtafutaji. Henry Odera Oruka, aliyezaliwa mwaka 1944 na kufariki mwaka 1995, alikuwa profesa wa falsafa katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Alichoshwa na madai kwamba Afrika ilikuwa na mila tu, haikuwa na watu wa kuzipima mila hizo. Basi alikwenda kwa wazee, akawauliza juu ya Mungu, uhuru, usawa na kifo, akaandika majibu yao. Kitabu chake juu ya falsafa ya wenye hekima kilitoka mwaka 1990. Alitenga namna mbili za wazee. Wako wanaojua vema desturi za watu wao na kuzieleza. Na wako wanaosimama kando ya desturi, wakauliza kama ni za haki na kwa nini. Hao wa pili aliwaita wanafalsafa. Ona kwamba kipimo chake hakikuwa kalamu wala shahada. Kilikuwa ni kuuliza na kutoa hoja, kipimo kilekile kinachomfaa Socrates, Elisabeth na Amo. Na kama Oruka asingalikwenda kuuliza, maneno ya wazee wale yangalikwenda nao kaburini, kama yalivyokwenda ya wengine wengi.

Wewe usomaye una kazi katika jambo hili, na umri wako haukuzuii. Usomapo jibu la mtu mkuu, tafuta swali alilokuwa akijibu, na nani aliyeliuliza. Uambiwapo kwamba watu fulani hawakuwa na fikira, uliza ni nani aliyekwenda kuwatafuta. Na ukutanapo nyumbani na mzee au bibi mwenye maneno mazito, usiyasifu tu na kuyaacha yapite. Mwulize sababu, mpinge kwa adabu akikupa nafasi, kisha andika alichosema, na jina lake, na tarehe. Barua za Elisabeth zilikaa gizani miaka mia mbili na zaidi, lakini zilionekana kwa kuwa ziliandikwa.